Fontenay: Kuta Zimebaki

Tukishuka katika bonde la Fontenay, huko Burgundy nchini Ufaransa, tunaiona abasia iliyoanzishwa na Mtakatifu Bernardo mwaka 1118. Kanisa lake liliwekwa wakfu na Papa Eugenio III mwaka 1147. Halina mnara wa kengele. Ndani tunakuta mawe matupu na mwanga wa madirishani, kwa maana Bernardo hakutaka mapambo yavute macho ya anayesali.

Karibu na kijito ipo karakana ya wahunzi. Maji yalizungusha gurudumu, gurudumu likainua nyundo, chuma kikafuliwa. Kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, siku ya mmonaki iligawanywa kati ya sala, masomo na kazi za mikono.

Nani basi aliiangusha Fontenay? Ni kweli kwamba wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa wamonaki waliondolewa, abasia ikauzwa, ikaja kuwa kiwanda cha karatasi. Lakini udhaifu ulianza karne ya 16, wafalme walipoteua maabate waliopokea mapato bila kuishi na ndugu zao wala kusali nao.

Mwaka 1906 Edouard Aynard aliinunua, akaondoa majengo ya kiwanda na kuikarabati. Kuta zimesimama hadi leo, wamonaki hawakurudi. Fedha hurudisha jiwe mahali pake, hazirudishi sala. Nasi tunaochangia ujenzi wa makanisa yetu, tuwalee pia watakaosali ndani yake.