Miswada ya Sauti: Muziki wa Traka na Wakusanyaji Wake



Huenda baadhi yenu mkajiuliza muziki wa kompyuta unaingiaje katika mhadhara wa taaluma za Kiswahili. Sisi tunaoshughulikia miswada ya tendi huulizana daima maswali matatu: nani alitunga, nani alinakili, na nakala ipi ilitangulia. Ipo jamii ya watu, wengi wao wa Ulaya, ambao kwa zaidi ya miaka thelathini wamejiuliza maswali hayo hayo kuhusu faili za muziki, tena bila ujira. Kazi yao yastahili kutazamwa kwa jicho la kifilolojia.

Mwaka 1987 Mjerumani Karsten Obarski alitoa programu iliyoitwa Ultimate Soundtracker kwa ajili ya kompyuta ya Commodore Amiga, iliyokuwa na mikondo minne ya sauti. Mtunzi aliandika noti katika safu nne za wima, mistari 64 kwa kila kipande cha wimbo, na kompyuta ikazisoma kutoka juu kwenda chini. Programu za jinsi hii ndizo zilizokuja kuitwa traka, na faili zake moduli. Ikumbukwe kwamba moduli si rekodi ya wimbo, wala si noti tupu. Hubeba noti pamoja na ala zake, yaani sampuli fupi za ngoma, gitaa au sauti ya mwimbaji, ambazo kompyuta huzipandisha na kuzishusha kadiri noti zinavyoagiza. Anayeifungua huona wimbo ulivyofumwa, uzi kwa uzi.

Kinachonivutia zaidi, kama mwanaisimu, ni maandishi yaliyomo. Moduli za mwanzo zilikuwa na sampuli 15. Baadaye zikafika 31, na kila moja ilitengewa jina lisilozidi herufi 22. Watunzi hawakukawia kuigeuza orodha hiyo kuwa barua. Badala ya kuandika “besi” au “ngoma”, waliandika salamu kwa marafiki, anwani ya posta, tarehe, na mara nyingine kejeli kwa mahasimu. Mistari 31 ya herufi 22 ni nafasi 682 kwa jumla. Sentensi kama “Ahsanteni marafiki wote” ina nafasi 23, kwa hiyo ingepoteza irabu yake ya mwisho. Aliyezoea kuhesabu mizani hatashangaa kwamba ufinyu huo ulizaa mtindo wa vifupisho na sentensi zilizokatwa mstari hadi mstari. Hata majina ya faili yana mofolojia yake: watumiaji wa Amiga walitanguliza “mod.” kabla ya jina, ilhali wale wa DOS waliiweka “.mod” mwishoni. Waliozoea viambishi awali vya Kibantu watajua moyo wangu uliegemea upande upi.

Moduli zilisafiri kwa diski zilizotumwa kwa posta, kisha kwa kompyuta zilizounganishwa kupitia simu. Kila aliyenakili aliweza kubadili jina la faili, kufuta salamu za mwenzake au kuandika jina lake mwenyewe. Hali hiyo si ngeni kwetu. Tendi nyingi zilizowafikia Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann zilipitia kalamu ya Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Kijumwa alikuwa mnakili, lakini pia mshairi na mchongaji, na si rahisi kila mara kusema mnakili amekomea wapi na mshairi ameanzia wapi.

Hapo ndipo wakusanyaji wanapoingia. Hifadhi ya Aminet ilianzishwa mwaka 1992, na Mod Archive mwaka 1996. Hii ya pili ina moduli zaidi ya laki moja. Hifadhi ya Hornet ilifungwa mwaka 1998, lakini faili zake zilinusurika kwa kuhifadhiwa na scene.org. Wanaojitolea husaka nakala pacha zenye majina tofauti, huunganisha lakabu na watu, husikiliza na kutoa maoni. Mtunzi akijitokeza huweza kudai kazi yake iandikwe kwa jina lake. Ni kazi ya kuchosha, na kwa maoni yangu hakuna iliyo muhimu zaidi katika uwanja huo wote.

Umuhimu wake ulidhihirika mahakamani. Mfini Janne Suni alitunga “Acidjazzed Evening”, moduli ya mikondo minne iliyoshinda shindano la muziki wa mtindo wa zamani katika tamasha la Assembly nchini Finland mwaka 2000. Mwaka 2002 Glenn Rune Gallefoss wa Norway aliitengenezea toleo la kompyuta ya Commodore 64. Mwaka 2007 mashabiki walidai kwamba wimbo “Do It” wa Nelly Furtado, uliotayarishwa na Timbaland, uliitumia kazi hiyo bila idhini. Kampuni ya Kernel Records ilifungua kesi nchini Marekani, na mwaka 2012 ikashindwa katika rufaa. Mahakama haikuamua kama sauti zilifanana. Ilichouliza ni wapi na kwa njia gani toleo lile lilichapishwa kwanza: katika gazeti la diski lililotolewa Australia, au kwenye intaneti? Kazi iliyochapishwa ng’ambo ingeweza kusamehewa sharti la kusajiliwa Marekani kabla ya kushtaki, lakini mdai hakuleta ushahidi wa kutosha kwamba yake ni ya namna hiyo. Swali la nakala ya kwanza, ambalo wanafunzi wangu hulipigia miayo, ndilo lililofunga mlango wa haki.

Tangu mwaka 2020, Finland ikitangulia na Ujerumani na Poland zikifuata mwaka 2021, utamaduni uliolea muziki huu umeorodheshwa katika urithi wa kitaifa usioshikika. Hata hivyo maswali ya uandishi hayajaisha. Katika maelfu ya moduli, baada ya baiti 1080 za mwanzo, zimeandikwa herufi “M.K.” zinazoitambulisha aina ya faili. Wengine husema ni Mahoney na Kaktus, Waswidi waliotoa NoiseTracker mwaka 1989. Wengine husema ni Michael Kleps. Faili yenyewe haisemi.