Zika: Jina la Msitu, Jina la Homa

Msafiri atokaye Kampala kwenda Entebbe hupita karibu na msitu mdogo uitwao Zika, neno la Kiganda lihusulo mahali palipomea vichaka. Mnamo Aprili 1947 watafiti wa homa ya manjano walikuwa wameweka humo tumbili wa Asia katika vizimba juu ya miti. Mmoja akashikwa na homa, na katika damu yake kikapatikana kirusi kisichojulikana. Mwaka 1948 kikaonekana pia katika mbu wa msitu ule ule.

Kwa miaka mingi habari hii ilibaki kwa wataalamu. Mwaka 2015 ugonjwa ulienea Brazili, wakazaliwa watoto wenye vichwa vidogo kupita kiasi. Ndipo wanafunzi wangu waliponiuliza kama msitu wetu una laana! La, ulipewa tu jina la mahali kilipoonekana kwanza.

Dawa yake mahususi haijapatikana. Mgonjwa hupumzika, hunywa maji mengi na hupewa parasetamoli. Aspirini haifai kabla daktari hajahakikisha kuwa si homa ya dengi. Na kwa kuwa mbu huyu huuma zaidi mchana, chandarua cha usiku hakitoshi: makopo na matairi yenye maji ya mvua yamwagwe kwanza.