Udongo wa magadi wa Karnal: wakimbizi wa 1947 na mashamba yaliyofufuliwa



Familia iliyokimbia vita inapoonyeshwa mahali pa kulima, swali la kwanza huwa ni hekta ngapi. Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Kuna shamba kubwa lisiloshibisha mtu, na kuna kipande kidogo kinacholisha nyumba nzima. Tofauti iko chini ya jembe.

Leo tunaeleza historia ya mahali palipo mbali nasi, wilaya ya Karnal, kaskazini mwa India. Huko mambo mawili yalikutana: watu wengi waliofukuzwa kwao, na udongo ambao wenyeji walishauhesabu kuwa umekufa.

Mfereji ulioleta maji na chumvi

Karnal iko kaskazini ya mji wa Delhi, upande wa magharibi wa mto Yamuna. Katika karne ya 14, sultani Firuz Shah Tughlaq alichimba mfereji wa kutoa maji mtoni. Baadaye ulijaa mchanga ukaachwa. Waingereza walipoitawala nchi waliufungua tena, mwanzoni mwa karne ya 19.

Maji yalisaidia mashamba mengi. Lakini mfereji ulikatiza njia za asili za maji ya mvua. Maji yakakosa pa kutokea, mabwawa yakazaliwa, na homa ya malaria ikashika vijiji. Katika miaka ya 1840 jeshi lilihama kambi yake kubwa ya Karnal kwa sababu ya homa hiyo.

Chini ya ardhi kulikuwa na jambo lingine. Maji yaliyovuja kutoka mferejini yaliinua maji ya chini mpaka karibu na uso wa udongo. Jua likawa linayakausha, nayo yanaacha chumvi yake juu. Wenyeji waliita ukoko huo mweupe *reh*, na ardhi iliyoharibika wakaiita *kallar* au *usar*. Malalamiko ya wakulima yalizidi hata mwaka 1876 serikali ya kikoloni ikaunda Kamati ya Reh kuchunguza jambo hilo. Afisa Denzil Ibbetson, katika ripoti yake juu ya Karnal iliyochapishwa mwaka 1883, alieleza hali ya vijiji vya kando ya mfereji: maji yaliyotuama, chumvi na magonjwa.

Tusimlaumu mchimbaji wa mfereji kwa kila kitu. Sehemu nyingi za tambarare ile zilikuwa na chumvi tangu zamani, kwa kuwa ni mabonde yasiyo na mahali pa kutolea maji. Mfereji ulizidisha lile lililokuwapo.

Udongo wenyewe ulikuwaje

Kila mama wa nyumbani anajua magadi. Ukitia kidogo kwenye sufuria ya maharagwe magumu, yanalainika upesi. Magadi yana sodiamu, nayo sodiamu huingia mahali pa kalsiamu iliyokuwa inashikilia ganda la harage.

Udongo wa mfinyanzi nao hupatwa na jambo la namna hiyo. Ukiwa mzima, chembe zake ndogo sana hushikana kwa msaada wa kalsiamu, zikafanya mabonge madogo yenye nafasi kati yake. Katika nafasi hizo hupita maji, hewa na mizizi. Sodiamu ikizidi, chembe zinaachana. Zinaelea katika maji, kisha zinaziba matundu yote. Wataalamu huuita udongo wa magadi pale sodiamu inapopita sehemu 15 kwa 100 ya nafasi zinazoshikilia madini katika udongo. Kipimo cha pH, ambacho kwenye udongo wa kawaida ni 6 au 7, hapo hupita 8.5. Karnal kilifika 10 na zaidi katika udongo wa juu.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Mvua ikinyesha, maji yanasimama siku nyingi yakiwa machafu, na chini kidogo udongo ni mkavu. Jua likiwaka, uso unakuwa mgumu kama tofali na kupasuka. Mbegu inaoza au inashindwa kutoboa ukoko.

Na chini zaidi kulikuwa na adui wa pili. Kwenye kina cha mita moja hivi, mahali pengi, kulikuwa na tabaka la mawe madogo ya chokaa yaliyoshikana, yanayoitwa *kankar*. Tabaka hilo gumu huzuia maji yasishuke na mizizi isipite. Mti uliopandwa juu yake hukua mwaka mmoja au miwili, kisha husimama na kukauka, mwenye mti asijue sababu.

Watu waliofika mwaka 1947

Mwezi wa Agosti 1947 India ilipata uhuru, na nchi ikakatwa vipande viwili, India na Pakistani. Jimbo la Punjab liligawanywa katikati. Mamilioni ya watu walihama pande zote mbili, na mauaji yalikuwa mengi. Kurukshetra, wakati ule ikiwa ndani ya wilaya ya Karnal, palijengwa kambi kubwa ya wakimbizi iliyofikia watu 300,000 hivi.

Wengi wa waliotoka magharibi walikuwa wakulima walioacha mashamba mazuri yenye maji ya mifereji. Hesabu ilikuwa ngumu. Waliacha huko hekta milioni 2.7, lakini ardhi iliyoachwa mashariki na Waislamu waliokimbilia Pakistani ilikuwa hekta milioni 1.9 tu. Tena sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa kavu na duni kuliko ile waliyoacha.

Kwanza serikali iliipa kila familia ya wakulima hekta 4 kwa muda, bila kujali ilikuwa na nini zamani, ili watu wapande na kula. Kisha ikaita madai. Makaratasi mengi yalikuwa yamepotea au yamebaki nyuma. Kwa hiyo kila dai lilisomwa mbele ya mkutano wa watu waliotoka kijiji kimoja. Majirani walikubali, walisahihisha au walikataa. Aliyedanganya alipunguziwa ardhi, na wengine walifungwa.

Mkuu wa kazi hiyo, Tarlok Singh, alileta vipimo viwili. Cha kwanza kilikuwa eka ya kipimo: eneo lolote linaloweza kutoa nafaka kiasi cha kilo 400. Kwenye ardhi nzuri ya mfereji, eka moja ya kamba ilihesabiwa eka moja ya kipimo. Kwenye ardhi kavu zilihitajika eka nne kufanya hiyo moja. Cha pili kilikuwa kupunguza kwa ngazi: mwenye dai la eka 10 au chini yake alikatwa robo, na mwenye dai la zaidi ya eka 500 alikatwa asilimia 95 ya kile kilichozidi. Kufikia Novemba 1949 familia kama 250,000 zilikuwa zimegawiwa ardhi.

Mpango huo haukuwa na haki kwa wote. Ulimtazama zaidi aliyekuwa na ardhi kabla ya kuhama. Wale waliolima kwa kibarua au kwa kukodi waliambulia kidogo. Hata hivyo, jambo moja lilikubaliwa: hekta na hekta hazilingani, na mgawaji lazima atazame udongo kabla ya kuandika namba.

Jasi, maji, kisha mpunga

Mwaka 1969 taasisi ya utafiti wa udongo wa chumvi ilifunguliwa Karnal, kwenye ardhi iliyokuwa kallar tupu. D. R. Bhumbla alikuwa mkurugenzi wake wa kwanza. Kazi ya watafiti na wakulima ilizaa utaratibu unaoeleweka, na siri yake ni kufuata hatua kwa zamu.

Hatua ya kwanza ni kusawazisha shamba na kulizungushia matuta, maji yasimame sawasawa. Ya pili ni kupata maji mazuri. Wengi walichimba visima vya bomba, navyo vilisaidia pia kushusha maji ya chini. Ya tatu ni jasi, jiwe jeupe laini lililochimbwa jimbo la Rajasthan na kusagwa. Jasi ina kalsiamu. Inarudi mahali ilipofukuzwa na sodiamu, na chembe za udongo zinaanza kushikana tena. Zilihitajika tani 10 hadi 15 kwa hekta, zikichanganywa na udongo wa juu tu, kama sentimeta 10. Ukiizika ndani zaidi, nguvu yake inatawanyika.

Hatua ya nne ni kusimamisha maji siku kadhaa ili sodiamu iliyofukuzwa ishuke chini. Ya tano ni mpunga. Mpunga huvumilia maji yaliyosimama, na mizizi yake hutoa hewa inayoyeyusha polepole chokaa iliyomo tayari katika udongo. Hivyo mmea wenyewe unaendeleza kazi ya jasi. Baada ya mpunga hufuata ngano.

Jasi ilikuwa na gharama ambayo mkulima mdogo hakuweza kuibeba. Mwaka 1974 jimbo la Haryana, ambamo Karnal imo, liliunda shirika la kufufua ardhi, na jasi ikauzwa kwa bei iliyopunguzwa. Katika jimbo jirani la Uttar Pradesh, mradi mkubwa ulioanza mwaka 1993 kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliwalenga wakulima wadogo, na ulishughulikia pia hati zao. Maana hakuna atakayemwaga tani za jasi kwenye shamba ambalo kesho litadaiwa na mtu mwingine.

Shamba lililofufuka linabaki na tabia zake

Mtu akiona mpunga wa kijani mahali palipokuwa peupe, anadhani kazi imekwisha. Lakini udongo wa magadi hupona kutoka juu kwenda chini, na polepole. Mwaka wa kwanza ni sentimeta 15 za juu tu zilizobadilika. Chini yake magadi yamebaki, na tabaka la kankar liko palepale. Ndiyo sababu mpunga ulizaa vizuri mapema, lakini ngano, ambayo mizizi yake inashuka zaidi, ilichukua miaka kadhaa kufikia mavuno ya mashamba ya kawaida.

Udongo huo hunywa maji taratibu. Ukimwagilia mengi kwa mara moja, ngano inazama na kugeuka njano. Inataka maji kidogo, mara nyingi zaidi. Mbolea ya naitrojeni hupotea hewani kwa wingi kwa sababu ya pH kubwa, hivyo iliongezwa na kugawanywa kwa awamu. Zinki hufungika na mmea hauipati, hata majani yakapata madoa ya kutu. Ilibidi kuongeza chumvi ya zinki. Fosforasi, kinyume chake, ilikuwa ya kutosha miaka ya mwanzo, na pesa ya mbolea hiyo iliweza kungoja. Samadi na mimea ya kufukia mbichi ilisaidia kuufanya udongo upumue.

Kwa miti walitumia njia nyingine. Walichimba kwa keekee shimo jembamba, la kina cha mita moja na nusu hivi, likatoboa kankar. Walilijaza udongo, jasi na samadi, kisha wakapanda. Mzizi ulipata mlango wa kushuka.

Na shamba hilo halipendi kuachwa. Likikaa miaka bila kulimwa, huku maji ya chini yakiwa karibu, chumvi inapanda tena.

Ushindi huo nao ulileta deni. Mpunga na visima vingi vimeshusha maji ya chini ya Karnal na Kurukshetra kupita kiasi. Mwaka 2009 haukupita bila sheria: Haryana ilikataza kupandikiza mpunga kabla ya tarehe 15 Juni, ili kupunguza maji yanayonyonywa wakati wa joto kali.

Kwetu hapa

Dawa ya Karnal si dawa ya kila udongo. Kwenye milima ya Kivu, udongo mwingi una shida iliyo kinyume: ni mchachu, na chokaa ndiyo inayousaidia. Lakini tambarare ya Ruzizi, kati ya Kamanyola na Uvira, ni nchi kavu, sakafu ya zamani ya ziwa Tanganyika, na ina sehemu zenye chumvi. Kabla ya kukubali au kukataa kipande cha ardhi, kuna majaribio yasiyohitaji pesa.

Chukua bonge dogo la udongo mkavu, liweke katika glasi ya maji ya mvua bila kulitikisa. Likiyeyuka na kuyafanya maji yawe kama maziwa, na yasitulie hata kesho, shuku magadi. Sukuma chuma chembamba ardhini baada ya mvua, mahali pengi. Kikigonga kwa kina kilekile kila mahali, kuna tabaka gumu. Tazama maji ya mvua yanasimama siku ngapi. Kisha waulize wazee wa mahali hapo kwa nini ardhi hiyo ilibaki wazi. Ardhi isiyolimwa na wenyeji mara nyingi ina sababu.

Viongozi na mashirika wanaogawa mashamba nao waandike katika orodha zao hali ya udongo, mahali pa maji kuingia na pa kutokea, na jina la mwenye haki ya kulima. Walioacha mashamba kwao nao wahifadhi kila karatasi, na wakumbuke majirani waliopakana nao. Kule Punjab, karatasi zilipokosekana, shamba lilirudishiwa jina kwa kinywa cha jirani.