Mikuki, Dadu na Rashasha

Desemba iliyopita, nyumbani Nyamira, niliwachezesha binamu zangu watatu Dungeons & Dragons. Kama hujawahi kuucheza, msimulizi hupima adui kulingana na kikundi. Hakuna mganga? Unapunguza majeraha. Wote ni watu wa mikuki? Basi usiwaletee adui anayeua kutoka mbali.

Nikawapeleka Kitutu, Januari 1908. Mmoja akawa nabii Moraa, mwingine Otenyo, wa tatu shujaa wa kubuni. Otenyo akarusha dadu, akamchoma ofisa Mwingereza Northcote mkuki, vilevile ilivyokuwa. Northcote alipona, miaka 29 baadaye akawa gavana wa Hong Kong.

Kisha wakaja askari wa KAR. Mwaka 1905 rashasha ilikuwa imeshawafyeka Abagusii. Safari hii watu waliuawa tena, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Hata Winston Churchill, akiwa naibu waziri wa makoloni kule London, alihoji mauaji ya watu wasio na kinga.

"Si upunguze askari basi," binamu akasema. "Hii si fea."

Haikuwa fea kweli. Lakini nikiwapunguza, nitakuwa nimedanganya kuhusu walichokabili wazee wetu. Nikakataa.

Wakanyamaza. Kisha Moraa akauliza, "Kwani nani hapa anajua njia za vilimani?"

Wa tatu akamfuta shujaa wake kwenye karatasi, akaandika: mchungaji. Hawakupigana tena. Hadi saa sita usiku walikuwa wakitorosha watoto na ng'ombe, na mimi sikupunguza askari hata mmoja.