Mazimwi na Wenyeji Wao: Nusu Karne ya Matamasha ya Filamu za Kutisha

Reli inayokatiza milima ya katikati ya Wales huishia Aberystwyth, mji mdogo wa pwani wenye chuo kikuu na upepo mkali wa Ghuba ya Cardigan. Juu ya kilima cha Penglais, ndani ya eneo la chuo, kipo kituo cha sanaa kilichofungua milango mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kina ukumbi wa muziki, jukwaa la tamthilia, vyumba vya maonyesho ya picha na sinema. Tangu mwaka 2006 sinema hiyo imekuwa ikiwapokea watu wanaopanda kilima, kwa kawaida mwezi Novemba, kwenda kuogopa pamoja. Tamasha lao huitwa Abertoir, na ndilo tamasha la kimataifa la filamu za kutisha la Wales.

Kwa nini Aberystwyth, wakati Cardiff ina majumba makubwa zaidi na London ina watazamaji wengi zaidi? Jibu limo katika historia ya matamasha ya aina hii barani Ulaya. Filamu za kutisha zilidharauliwa na wahakiki, zikakatwakatwa na wadhibiti na kufungiwa nje ya mashindano makuu. Zilipata heshima yake mara nyingi katika miji midogo, kwenye kumbi ambazo wenyeji waliziona kuwa zao.

Mtangulizi mmoja alikuwa Trieste, bandari ya Italia iliyopakana na Yugoslavia ya wakati huo. Mwaka 1963 mji huo ulianzisha tamasha la filamu za sayansi ya kubuni, zikaonyeshwa usiku wa kiangazi ndani ya ngome ya San Giusto. Umberto Eco, aliyekuwa bado hajaandika riwaya yoyote, alikuwa miongoni mwa waamuzi, na filamu fupi ya Chris Marker, La Jetée, ikatunukiwa tuzo. Somo lilikuwa wazi: ndoto na jinamizi vingeweza kujadiliwa na wasomi bila aibu.

Sitges, katika Katalunya nchini Hispania, ilikwenda mbali zaidi. Ni mji wa bahari ulio kilomita zipatazo 40 kusini-magharibi mwa Barcelona, na ulikuwa umezoea wageni wa ajabu. Katika miaka ya 1890 mchoraji Santiago Rusiñol aliufanya makao ya wasanii wa kisasa na kuandaa sherehe za sanaa zilizowashangaza wavuvi. Oktoba 1967 wanafunzi na walimu wa sinema walikutana hapo, wakatoa tamko lililodai filamu huru zisizopitia mikononi mwa wadhibiti wa serikali ya Jenerali Franco. Polisi waliingilia kati na watu wakakamatwa.

Mwaka mmoja tu baadaye, mwaka 1968, mji huohuo ulifungua Wiki ya Kimataifa ya Filamu za Njozi na za Kutisha, chini ya Antonio Rafales. Machoni pa watawala, mbwamwitu na wanyonya damu walionekana hawana siasa. Wakati ulikuwa mzuri pia kwa watengenezaji wa Hispania. Narciso Ibáñez Serrador alikuwa ameanza kuwatisha watazamaji wa televisheni tangu 1966 kwa mfululizo wa Historias para no dormir, na mwaka 1968 wenyewe Paul Naschy alitokea kwenye skrini akiwa mtu-mbwamwitu katika La marca del hombre lobo. Nchi ambayo haikuruhusiwa kuzungumzia hofu zake halisi ilianza kuzitazama zikiwa zimevaa manyoya na meno. Tamasha lilidumu hadi Franco alipofariki mwaka 1975, na halikukoma hapo.

Kinachovutia zaidi ni mahali filamu zenyewe zinapoonyeshwa. Mbali na ukumbi mkubwa wa hoteli, tamasha hutumia kumbi za El Retiro na Prado, mali ya vyama viwili vya burudani vya wenyeji vilivyoanzishwa katika karne ya 19. Ni kumbi za dansi, tamthilia na mikutano ya wanachama, na kila Oktoba hujaa wageni waliotoka pembe zote za dunia. Wenyeji nao wameyakubali mazimwi. King Kong ni nembo ya tamasha, tuzo kuu huitwa Maria kwa heshima ya roboti wa Metropolis, filamu ya Fritz Lang ya mwaka 1927, na barabarani hupita maandamano ya misukule waliojipaka damu bandia. Katika mji huo mwongozaji Jaume Balagueró alionyesha Los sin nombre mwaka 1999, na miaka minane baadaye akarudi na Paco Plaza wakiwa na REC, filamu iliyosambaza jina la utishaji wa Kihispania duniani. Guillermo del Toro alifungua tamasha la 50, mwaka 2017, kwa The Shape of Water. Mwaka 2023 filamu ya Argentina, When Evil Lurks ya Demián Rugna, ikawa ya kwanza kutoka Amerika ya Kusini kushinda tuzo kuu.

Ufaransa ilitoa mfano wa upande wa pili. Mwaka 1973 Avoriaz, kituo kipya cha michezo ya theluji katika milima ya Alps, kilianzisha tamasha ili kujitangaza. Waamuzi wake walikuwa na jicho kali: tuzo ya kwanza ilikwenda kwa Duel ya kijana aliyeitwa Steven Spielberg, na baadaye zikashinda Carrie ya Brian De Palma, The Elephant Man ya David Lynch na The Terminator ya James Cameron. Hata hivyo tamasha lilikuwa chombo cha biashara. Wenye kituo walipoamua kubadili sura yao, lilikoma mwaka 1993, na Braindead ya Peter Jackson ikawa mshindi wa mwisho.

Mwaka 1994 lilizaliwa upya Gérardmer, mji mdogo kando ya ziwa katika milima ya Vosges. Hapo mambo yalibadilika. Wakazi wengi hujitolea kuwapokea wageni, kukata tiketi na kuongoza foleni kwenye baridi ya Januari, na miongoni mwa kumbi zinazotumika imo nyumba ya utamaduni na burudani ya mji. Avoriaz ilidumu miaka 20. Gérardmer imekwisha kuipita kwa umri, na mwenye kutafuta sababu ataikuta kwa hao wanaojitolea.

Katika miaka ya 1980 matamasha yaliongezeka, Porto mwaka 1981 na Brussels mwaka 1983. Mwaka 1987 yakaanza kujifunga pamoja katika shirikisho lililopewa jina la Georges Méliès, Mfaransa aliyeonyesha shetani kwenye skrini tangu 1896. Tamasha mwanachama humtunuku mshindi wake tuzo ya fedha, kisha washindi hao hushindania ya dhahabu. Kwa njia hiyo filamu fupi iliyochaguliwa na ukumbi mdogo huweza kufika kwenye jukwaa la Ulaya nzima.

Uingereza ilichelewa, na kuchelewa kwake kulikuwa na uchungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 magazeti yaliwasha kampeni dhidi ya kanda za video za kutisha. Ofisi ya mwendesha mashtaka mkuu ilitunga orodha ambayo kwa vipindi tofauti ilitaja filamu 72, ikiwemo The Evil Dead ya Sam Raimi. Polisi walipekua maduka, na sheria ya 1984 ikalazimisha kanda zipitiwe na wadhibiti kabla ya kuuzwa. The Exorcist ilitoweka madukani ikarudi mwaka 1999. Wapenzi wa filamu hizi walizoea kupeana kanda zilizonakiliwa mpaka picha ikafifia. Edinburgh ilipata tamasha lake, Dead by Dawn, mwaka 1993, na London ikapata FrightFest mwaka 2000.

Aberystwyth ilifuata mwaka 2006, na mwendo wake ulitokana na jengo lenyewe. Gareth Bailey, aliyeiongoza sinema ya kituo, pamoja na wenzake, akiwemo Nia Edwards-Behi, walijenga ratiba ambamo filamu mpya hukaa jirani na za zamani, mashindano ya filamu fupi, mihadhara, tamthilia na muziki. Hadhira hukaa pamoja siku nyingi mfululizo, ikila na kubishana katika baa ileile, na mwongozaji mgeni hujikuta akijibu maswali hata kwenye foleni ya chai. Mwigizaji Vincent Price, aliyefariki mwaka 1993, huheshimiwa hapo kama mlezi wa tamasha.

Wales yenyewe ilistahili tamasha hili. Hollywood ilikuwa imeitumia kama nchi ya giza: The Old Dark House ya James Whale, ya mwaka 1932, inawatupa wasafiri katika nyumba ya Wales usiku wa dhoruba, na mtu-mbwamwitu wa The Wolf Man, ya 1941, anaumwa katika msitu wa Wales uliojengwa studioni California. Wawelsh walijibu kwa lugha yao. Mwaka 1981 Wil Aaron aliongoza O'r Ddaear Hen, kisa cha kichwa cha kale cha jiwe kilichofukuliwa bustanini, na mwaka 2021 Lee Haven Jones akatoa Gwledd, filamu ya Kiwelsh ya utishaji iliyouzwa nje ya Wales. Msomaji wa Kiswahili ataitambua njaa hiyo. Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zilizotengenezwa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilitisha kwa Kiswahili na kwa viumbe ambao watazamaji walisimuliwa utotoni. Zilipita kwenye kanda na diski, sebuleni na katika vibanda vya video, zikafika mbali bila kupata tamasha la aina yake lililoziita nyumbani.

Barani Afrika mji wa Cape Town ulikuwa na tamasha kama hilo mwaka mmoja kabla ya Aberystwyth. South African HorrorFest ilianzishwa mwaka 2005 na Paul Blom na Sonja Ruppersberg, na miongoni mwa desturi zake ni kuonyesha filamu zisizo na sauti huku kikundi chao cha muziki kikipiga mbele ya skrini. Makao yake yamekuwa Labia Theatre, jengo lililowahi kuwa ukumbi wa dansi wa ubalozi wa Italia na kufunguliwa kama jumba la tamthilia mwaka 1949. Mwaka 2014, filamu za ukanda zilipokuwa zikiachwa, jumba hilo huru lilikuwa hatarini kwa kukosa mitambo ya kidijitali. Watazamaji wake walichanga fedha, mitambo ikanunuliwa, na HorrorFest ikaendelea kuonyesha filamu zake hapo.