Sarafu ya marudio

Babati mjini, anayemletea mnunuzi sarafu ya kale, iwe rupia ya Mjerumani iliyofukuliwa shambani au senti ya tundu ya enzi za Mwingereza, huulizwa swali moja: ni orijino au feki? Maneno hayo mawili hayatoshi. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wana jina la tatu, ristraiki, na kwa Kiswahili napendekeza tuiite sarafu ya marudio.

Sarafu hupigwa kwa chapa mbili za chuma kigumu, moja ya uso na moja ya mgongo. Kipande cha fedha huwekwa katikati, kikabanwa kwa nguvu. Mwaka tunaousoma umechongwa kwenye chapa. Hautuambii kipande kilibanwa lini. Chapa ikitunzwa, au ikichongwa upya kwa mfano uleule, karakana yenye mamlaka inaweza miaka mingi baadaye kupiga sarafu nyingine yenye mwaka wa zamani. Hiyo ndiyo ya marudio. Msikilizaji wa redio anakijua kipindi cha marudio: ni kilekile, kutoka studio ileile, ila saa imebadilika. Wapo wanaoweza kupendelea “sarafu rudufu”, lakini rudufu inaelekea kwenye nakala, na nakala hata tapeli hutengeneza.

Mfano mkubwa kuliko yote umepita mikononi mwa watu wa pwani yetu. Reale ya Maria Theresa, ambayo wazee waliiita reale ya Sham ili kuitofautisha na reale ya mzinga ya Kihispania, ina mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki waliizoea sura hiyo wakakataa nyingine, hivyo Vienna ikaendelea kuipiga bila kubadili mwaka. Katika miaka ya 1930 Italia ilipata chapa na kuipiga Roma, ikiwa na haja nayo Ethiopia. London ikafuata, kisha Bombay. Zote ni fedha kweli, zote zimeandikwa 1780.

Upande wa Marekani, dola ya fedha ya 1804 inalijaribu neno letu kwa ukali zaidi, na historia yake inagusa Zanzibar. Mwaka 1804 karakana ya Philadelphia ilitoa dola, lakini kwa chapa za miaka iliyotangulia. Dola yenye tarakimu 1804 haikuwepo mpaka 1834, serikali ya Rais Andrew Jackson ilipotaka seti za sarafu za kuwazawadia watawala wa Asia. Mjumbe Edmund Roberts, aliyekuwa amefunga mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan mwaka 1833, alirudi Muscat mwaka 1835 akiwa na zawadi hizo kwa mtawala huyo wa Oman na Zanzibar. Sarafu inayoaminika kuwa ndiyo aliyopewa Sayyid Said iliuzwa mnadani Agosti 2021 kwa dola milioni 7.68.

Je, hiyo ni ya marudio? Nasema hapana. Mwaka wake umerudishwa nyuma, lakini hakuna iliyoitangulia, na marudio hayawezi kuwepo kabla ya toleo la kwanza. Za marudio ni zile ambazo watumishi wa karakana hiyohiyo walizipiga kwa siri kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1850, wakitumia chapa ileile ya uso na nyingine ya mgongo. Iliwaponza hiyo ya mgongo: herufi za neno STATES zimekaa tofauti juu ya mawingu yaliyochongwa chini yake. Leo zinajulikana dola 16 tu za 1804, na 8 ndizo za kundi la zawadi.

Mwenye reale ya 1780 hapa Babati aanze na ukingo. Maneno ya Kilatini yenye maana ya haki na huruma yanapaswa kuchomoza pande zote. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi huacha mshono hapo. Uzito uwe karibu gramu 28. Ikipita vipimo hivyo, anayetaka kujua kama ni ya Vienna, Roma au London huchukua kioo cha kukuzia, akahesabu lulu za bruchi iliyo begani mwa malkia, kisha akageuza upande wa pili na kutazama manyoya ya mkia wa tai.