Vaskulaitisi ya ngozi: dalili zake, sababu zake na wakati wa kukimbilia hospitali

Vaskulaitisi ni kuvimba kwa kuta za mishipa ya damu. Ugonjwa huu unaweza kushika figo, mapafu, utumbo au neva. Unapoishia kwenye ngozi peke yake huitwa vaskulaitisi ya ngozi. Wataalamu waliokutana Chapel Hill, Marekani, walipanga majina ya magonjwa haya mwaka 1994, wakayapitia upya mwaka 2012, na aina hii wakaiweka katika kundi la vaskulaitisi ya kiungo kimoja.

Tofauti hiyo si ya majina tu. Ugonjwa ukiwa kwenye ngozi pekee, mara nyingi hupoa wenyewe katika wiki chache. Ukiwa umeingia kwenye figo, mgonjwa anaweza asihisi maumivu yoyote huku figo zikiharibika. Madoa ya mguuni huwa ni yale yale katika hali zote mbili, kwa hiyo hayatoshi kumwambia mtu kuwa yuko salama.

Kinachotokea ndani ya ngozi

Mishipa inayoshikwa zaidi ni ile midogo kabisa, iliyo karibu na uso wa ngozi. Kinga ya mwili inapopambana na kijidudu au dawa, chembechembe zilizogandamana hunasa kwenye kuta za mishipa hiyo. Chembe nyeupe za damu hukusanyika hapo, huvunjikavunjika, na ukuta wa mshipa huharibika. Damu huvuja na kutuama chini ya ngozi. Miguu hutangulia kuonyesha dalili kwa sababu damu huelemea chini mtu anaposimama au kukaa kwa muda mrefu.

Dalili zake

Dalili kuu ni madoa ya damu yaliyoinuka, ambayo ukipitisha kidole unayahisi. Hutokea zaidi kwenye miundi, vifundo vya miguu na nyayo, na kwa mgonjwa aliyelala kitandani hutokea mgongoni na makalioni. Ukubwa wake huanzia kichwa cha pini hadi sentimita kadhaa, na mengi hutoka kwa pamoja.

Kwenye ngozi nyeupe madoa huwa mekundu, kisha ya zambarau. Kwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde wekundu hauonekani vizuri. Doa huwa la zambarau iliyokolea au la kahawia, na watu hulidhania kuwa ni alama ya kuumwa na mbu au kujigonga. Kipimo chepesi cha nyumbani ni bilauri ya kioo: ibonyeze juu ya doa. Wekundu wa mzio wa kawaida hufifia. Doa la damu hubaki, kwa kuwa damu yake imeshatoka nje ya mshipa.

Wengine hawahisi kitu. Wengine huwashwa, huchomwa au huumwa, na miguu huvimba. Hali ikiwa kali, hutokea malengelenge na vidonda.

Huchukua muda gani

Ugonjwa huanza kwa kawaida siku 7 hadi 10 baada ya kilichousababisha. Madoa huisha ndani ya wiki 3 hadi 4 na kuacha weusi unaochukua miezi kufifia, hasa kwenye ngozi nyeusi. Weusi huo ni kovu la rangi, si ugonjwa unaoendelea. Takriban mgonjwa mmoja katika kumi hupata hali inayorudi au kudumu.

Sababu zake

Kwa wagonjwa wengi, hadi kufikia nusu, sababu haipatikani. Zinazojulikana zaidi ni hizi:

- Maradhi ya kuambukiza: maambukizi ya koo, homa ya ini aina ya B na C, na virusi vya UKIMWI.
- Dawa: penisilini na jamii zake, dawa za salfa, dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, baadhi ya dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo, na alopurinoli ya jongo.
- Maradhi ya kinga kujishambulia, kama lupasi na baridi yabisi.
- Saratani, hasa za damu, ingawa hii ni nadra.

Kutembea masafa marefu kwenye joto pia huweza kuleta madoa miguuni, hata kwa mtu mwenye afya, nayo huondoka kwa kupumzika.

Yanayofanana nayo

Mabaka ya mzio wa kawaida huwasha na kuhama ndani ya saa 24. Baka linalokaa zaidi ya hapo, likachoma kuliko kuwasha na kuacha alama kama ya vilio, huenda ni aina nyingine ya vaskulaitisi. Mavimbe magumu yenye maumivu kwenye mashavu ya miguu ya mwanamke yanaweza kuhusiana na kifua kikuu. Kwa watoto, madoa ya miguuni na makalioni baada ya mafua, pamoja na maumivu ya viungo na tumbo, hudokeza vaskulaitisi ya IgA. Mtoto huyo hupimwa mkojo kwa miezi 6 hata akionekana amepona.

Vipimo

Daktari huchukua kipande kidogo cha ngozi kutoka doa changa, la siku moja au mbili. Doa kuukuu haliwezi kuthibitisha ugonjwa vizuri. Kipimo cha mkojo ni cha lazima, kwani ndicho kinachofichua damu na protini zinazovuja kutoka kwenye figo. Hupimwa pia damu, figo, ini na shinikizo la damu. Mpelekee orodha ya kila dawa uliyomeza mwezi uliopita, zikiwemo ulizonunua bila cheti na zile za miti shamba.

Matibabu

Dawa inayoshukiwa husimamishwa kwa ushauri wa daktari. Mgonjwa hupumzika, huinua miguu, na huvaa soksi za kubana. Mwenye kisukari apimwe kwanza mzunguko wa damu miguuni. Usichue madoa wala kuyapaka dawa za kuchoma. Hali ikiwa kali hutolewa prednisoloni kwa muda mfupi, na ikidumu, kolkisini au dapsoni.

Dapsoni ina tahadhari inayotuhusu moja kwa moja. Mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD akiimeza, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika kwa wingi. Upungufu huu umeenea sana Oman, na upo pia mwambao wa Afrika Mashariki. Kama ndani ya familia kuna aliyekatazwa kula ful kwa sababu hiyo, mwambie daktari. Na hata kama hakuna, omba kipimo kabla ya kidonge cha kwanza.

Usingoje

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona mkojo mwekundu au wa rangi ya chai, kinyesi chenye damu, maumivu makali ya tumbo, kukohoa damu, ganzi au udhaifu wa mkono au mguu. Madoa yasiyofifia yakija pamoja na homa kali, kichwa kuuma au shingo kukakamaa, piga simu ya dharura papo hapo: huenda ni maambukizi ya uti wa mgongo, na kila saa ina thamani.